Mji Wenye Saa Mbili

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa katika mipango miji



Jioni hii nitazungumza juu ya mchezo wa kompyuta. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa pili huanza somo langu kwa kujenga mji ndani ya Cities: Skylines, mchezo uliotolewa Machi 2015 na Colossal Order, kampuni ndogo ya mjini Tampere, Finland. Mchezaji hukabidhiwa ardhi tupu, barabara kuu ipitayo kando yake, na fedha za kuanzia. Huchora mitaa, kisha hutenga viwanja: hapa makazi, hapa maduka, hapa viwanda, hapa ofisi. Watu huja wenyewe. Chini ya skrini ipo mistari mitatu inayopanda na kushuka. Wa kijani ni haja ya nyumba, wa buluu ni haja ya maduka, na wa njano ni haja ya mahali pa kazi. Mchezaji mgeni huamini kwamba kazi yake ni kuitii mistari hiyo.

Nami niliitii. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, na mji wangu wa kwanza niliujenga kama ambavyo baba angependa: shule kila mtaa, sekondari mara tu niliporuhusiwa, chuo kikuu kabla hata ya bustani. Viwanda vyangu vilikuwa vinafuka moshi vizuri. Baada ya kizazi kimoja cha mchezo, alama zikaanza kujitokeza juu ya mapaa yake, moja, kumi, mtaa mzima: wafanyakazi hawatoshi. Nikatazama takwimu. Watu walikuwepo kwa maelfu, lakini walikuwa wamesoma, na viwanda vya daraja la chini katika mchezo ule huhitaji zaidi wasiosoma. Viwanda vikahamwa. Maduka yakakosa bidhaa za hapo mjini yakaagiza nje, na malori yakaziba barabara kuu. Kwa kuwa nafasi za kazi zilibaki wazi, mstari wa kijani ukapanda kuomba nyumba zaidi. Nikajenga nyumba. Wakaja watu wapya, watoto wao wakaingia katika shule zangu nzuri, na baada ya muda nao wakawa wasomi wasiofaa kwa viwanda vile. Kila nilipotii mstari niliongeza ugonjwa uleule.

Kiini cha mkasa ule ni mstari wa njano. Mchezo umeziweka ofisi na viwanda katika mstari mmoja. Ukipanda, unajua tu kwamba watu wanataka kazi. Haukuambii ni watu gani wala kazi gani. Jibu halimo kwenye mstari, limo katika yale uliyofanya zamani: shule ulizojenga au usizojenga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mji huendeshwa kwa saa mbili. Saa ya ajira hukimbia. Ukitenga kiwanja leo, karakana husimama upesi na kuanza kuita watu. Saa ya elimu hutambaa. Mtoto hupita shule ya msingi, akibalehe huingia sekondari, akiwa kijana huenda chuo kikuu, na muda wote huo hayumo katika hesabu ya nguvu kazi. Mistari mitatu hufuata saa ya kwanza peke yake. Anayejenga shule kwa kutazama mstari wa leo anawajibu watu wa leo kwa wahitimu wa kesho kutwa.

Wachezaji wengi wazoefu wamepata njia ya mkato, nayo ni kuwanyima watu shule. Huacha mitaa ya karibu na viwanda bila sekondari, au hupitisha sera ya kuwahimiza vijana waende kazini badala ya kuendelea na masomo. Hesabu hukaa sawa. Wanafunzi wangu huigundua mbinu hiyo katika wiki ya kwanza, na nikiwaona huwasimamisha, kwa sababu hapa kwetu mbinu hiyo ina historia. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza Mwafrika apewe elimu iliyolinganishwa na maisha ya shamba na kazi za mikono. Watawala walikuwa na mstari wao wa njano, na waliamua kumpima mtoto kwa mstari huo. Sitaki kijana atoke katika darasa langu akiwa amejifunza kwamba mizani ya mji hupatikana kwa kuufunga mlango wa shule.

Na kweli mbinu hiyo haihitajiki. Katika mchezo huo huo kiwanda kinachomkosa mfanyakazi ni kiwanda kilichobaki chini. Kikipata zimamoto karibu, ulinzi, usafiri wa mizigo na wafanyakazi walioelimika, hupanda daraja, na kikipanda huhitaji watu waliosoma. Ofisi nazo huwapokea wenye shahada. Lakini lazima viwanja vyake vitengwe kabla mahafali ya kwanza hayajafika, wakati mstari wa njano haujasema neno. Viwanda vya misitu na mashamba huweza kubaki kwa wale wageni wanaoingia mjini bila kusoma, huku watoto wao wakiwa darasani. Ni kazi ya subira. Mwanafunzi mmoja wa mwaka juzi alibandika karatasi kando ya kompyuta yake akiandika umri wa watoto wa mtaa mmoja, na kila baada ya muda aliifuta na kuiandika upya. Mji wake ndio uliodumu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mistari hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1989 kampuni ya Maxis ilitoa SimCity, kazi ya Mmarekani Will Wright, na ndani yake mlikuwa na haja hizo tatu za makazi, biashara na viwanda. Shule hazikuwemo, elimu iliingia rasmi katika SimCity 2000, mwaka 1993. Programu ya mchezo ule wa kwanza iliwekwa wazi kwa umma mwaka 2008 kwa jina la Micropolis, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusoma kanuni zake. Mimi na wanafunzi tumezisoma. Uhamiaji umeandikwa kwa hesabu fupi sana: chukua uwiano wa ajira kwa watu, ondoa 1, zidisha kwa idadi ya wakazi. Kazi zikizidi watu, wageni wanakuja. Zikipungua, watu wanaondoka. Ipo pia namba inayowakilisha soko la nje: 1.2 kwa kiwango chepesi, 1.1 kwa cha kati, 0.98 kwa kigumu. Zitafakarini namba hizo. Sehemu ya ugumu wa kuendesha mji imewekwa nje ya mji, katika dunia inayonunua au isiyonunua unachozalisha.

Wright mwenyewe aliongozwa na kitabu cha Jay Forrester wa chuo cha MIT, Urban Dynamics, kilichotoka mwaka 1969. Forrester alikuwa mhandisi. Alipewa jirani wa ofisi aliyekuwa meya wa Boston kuanzia 1960 hadi 1968, John Collins, na mazungumzo yao yakazaa modeli ya mji inayokwenda miaka 250 ndani ya kompyuta. Wakazi wake aliwagawa katika makundi matatu: wenye ajira duni, wafanyakazi wenye ujuzi, na mameneja pamoja na wataalamu. Akajaribu kujenga nyumba za bei nafuu, kutoa mafunzo ya kazi, kutoa ajira za serikali, na kuleta fedha kutoka nje. Akasema kwamba hakuna kati ya hayo lililosaidia, na mengine yalidhuru. Pendekezo lake lilikuwa kubomoa asilimia 5 ya makazi duni kila mwaka na kuwapa nafasi wafanyabiashara.

Napenda ujasiri wa Forrester wa kufuatilia chanzo na tokeo kwa muda mrefu kuliko kipindi cha uongozi wa meya yeyote. Hitimisho lake silikubali. Alipomwondoa maskini katika mji wake, maskini yule aliingia katika kile alichokiita mazingira yasiyo na kikomo, nje ya mipaka ya modeli, na huko hakuna aliyemhesabu. Modeli hiyo iliuponya mji kwa kuwapoteza watu. Michezo mingi ya kujenga miji imerithi kitu hicho: barabara kuu iliyo ukingoni mwa ramani, ambako watu hutoka bila historia na kurudi bila kuulizwa wanakwenda wapi.

Nasi Afrika Mashariki tulikuwa na jibu juu ya watu hao wanaokuja mjini tangu zamani, nalo lilipitia Nairobi. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro, wachumi waliokuwa wamefanya utafiti Kenya, walichapisha makala inayopindua hesabu ile ya uhamiaji ya SimCity. Walisema mtu hahami kwa sababu kuna nafasi wazi. Hulinganisha kipato cha kijijini na mshahara wa mjini uliozidishwa kwa uwezekano wa kuupata. Chukueni mfano wangu: kijijini unapata shilingi 150,000 kwa mwezi, mjini mshahara ni 300,000. Ukiwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuajiriwa, umeshafika kwenye usawa, na kabla ya hapo utaendelea kuja ingawa karibu nusu ya waliokutangulia wapo barazani. Kwa hesabu hiyo, kuongeza ajira mjini kunaweza kuongeza wasio na ajira. Kenya ilikuwa imeliona hilo mwaka 1964, pale serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza ajira kwa asilimia maalumu. Habari zilipoenea, waliojiandikisha kutafuta kazi walimiminika kwa maelfu. Wekeni jambo hilo katika mchezo, mstari wa njano hautashuka kamwe.

Elimu nayo ina mchango wake hapo. Mwaka 1976 Ronald Dore aliandika juu ya ugonjwa wa vyeti, na Kenya ilikuwa moja ya nchi nne alizozitazama. Nafasi nzuri zikiwa chache, mwajiri hupandisha cheti anachodai: kazi ya kidato cha nne inaombwa kidato cha sita, halafu shahada. Kazi ni ileile. Katika Cities: Skylines mahitaji ya kiwanda yamewekwa na hayabadiliki mpaka kiwanda chenyewe kibadilike. Nje ya mchezo mahitaji hupanda kwa sababu tu wanaoomba wamesoma zaidi. Wazazi mliomo humu mnalijua jambo hili kwa risiti za ada.

Nimefika kwenye swali aliloniuliza mwanafunzi mmoja, nalo ndilo limenifanya nichague mada hii. Mchezo unaruhusu umbofye mkazi yeyote na kumwona: jina, umri, elimu, anakofanya kazi. Tulimfuata mmoja mwenye elimu ya juu na asiye na kazi. Alitoka nyumbani, akaenda bustani, akarudi. Siku ya pili vilevile. Mwanafunzi akauliza, "Profesa, huyu anakula nini?" Darasa likanyamaza, kwa sababu katika mji ule kazi ni nafasi ndani ya jengo. Hakuna mama lishe. Hakuna bodaboda. Hakuna fundi wa jua kali anayemfundisha mpwa wake kuchomelea. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliozuru Kenya uliripoti kwamba wengi waliohesabiwa hawana ajira walikuwa wakifanya kazi kutwa, na tangu ripoti ile dunia ikazoea kusema sekta isiyo rasmi. Miaka zaidi ya 50 baadaye modeli zetu bado zinamwona mtu huyo kama mtu anayetembea bustanini.

Ndiyo maana muhula huu tunafungua programu ya Micropolis na kuiandika tena sehemu mbili. Kwanza mstari wa uhamiaji, uifuate hesabu ya Harris na Todaro. Pili tunataka kuongeza aina ya nne ya kazi, isiyo na kiwanja, inayosogea na watu, na inayompokea msomi na asiyesoma. Namba za aina hiyo hatuna vitabuni za kutosha, kwa hiyo tutazikusanya wenyewe katika kituo cha mabasi: kila mtu anauza nini, alisoma mpaka wapi, ujuzi wake aliupata kwa nani, na ulimchukua miaka mingapi. Tunaanza Jumatatu. Wanafunzi wangu, tunakutana getini saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mama wa uji huondoka saa mbili.