“NI UZEE TU!” NANI ANAHESABU VIFO VYA WAZEE WETU?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana waliotoka Kemambo, Tarime, ambao sasa wanahangaika na maisha mjini. Leo yanasemwa kwako, msomaji.)

Ndugu yangu kijana, naomba dakika kumi zako. Habari ya Simba na Yanga iache kwanza, utaikuta kijiweni ukirudi.

Nianze na msiba. Simu imelia usiku, umeambiwa babu kafariki. Umekopa nauli, umepanda basi, umefika Kemambo jua linazama. Unauliza wakubwa, “Babu alikuwa anaumwa nini?” Unajibiwa, “Aah, mura, ni uzee tu.” Watu wanatikisa vichwa, kaburi linafukiwa, wewe unarudi mjini kutafuta pesa ya kulipa deni.

Sikatai, wazee hufa. Nani ataishi milele? Lakini hilo neno “uzee tu” ni shimo refu kuliko kaburi lenyewe. Humo unaweza kufukia njaa, maji machafu, homa isiyotibiwa na dawa zilizokosekana zahanati. Unaweza kufukia hata tauni nzima, na asiulize mtu.

Sasa tutajuaje kama ni uzee au kuna jambo? Wataalamu wana njia, tena si ngumu. Hawaulizi tu, “Wamekufa wangapi?” Wanauliza, “Wamekufa wangapi ZAIDI ya wale ambao wangekufa hata hivyo?” Hicho cha juu ndicho wanachokiita vifo vya ziada.

Tuchukue mfano wa kubuni, tufanye hesabu ya kwenye kiganja. Kijiji kina wazee 400 waliopita miaka 60. Kwa miaka mitano mfululizo wamekufa 14, 18, 15, 17 na 16. Jumlisha unapata 80, gawa kwa tano ni 16. Basi mwaka wa sita tunatarajia vifo kama 16. Ukifika mwisho wa mwaka ukakuta makaburi 24, yaliyozidi ni 8, yaani nusu nzima juu ya kawaida. Hapo hata mwenyekiti wa kijiji aliyelala ataamka.

Lakini angalia usije ukaingizwa mjini na takwimu! Kama wazee wenyewe wameongezeka kutoka 400 hadi 600, basi vifo 24 ndivyo hasa vilivyotarajiwa, kwa sababu ni 40 kwa kila wazee 1,000, kama zamani. Na kijiji kimoja kwa mwaka mmoja kinaweza kupatwa na bahati mbaya tu. Vijiji kumi vikionyesha kitu kile kile, hapo bahati mbaya imekwisha, tafuta sababu.

Mtego mwingine unatuhusu sisi wa kule kwenye dhahabu. Tuseme kijiji hicho kina watu 4,000 na vifo 40 kwa mwaka, yaani 10 kwa kila watu 1,000. Vijana 2,000 wanahamia kutafuta mawe. Wazee wanaokufa wanapanda kutoka 16 hadi 24, vifo vyote vinakuwa 48. Lakini watu sasa ni 6,000, kwa hiyo kwenye karatasi vifo vimeshuka hadi 8 kwa 1,000! Mkubwa mmoja atasimama jukwaani aseme afya imeboreka, na atapigiwa makofi, wakati wazee wanakwisha. Ndiyo maana wazee wahesabiwe peke yao, kwa umri wao.

Unadhani haya ni mambo ya darasani? Agosti 2003 Ufaransa ilipigwa na joto kali. Wazee walikuwa wakifia majumbani, wengi wakiwa peke yao kwa kuwa watoto wao wako likizo. Ukimtazama mmoja mmoja, huyu moyo, yule mapafu, yule uzee tu. Lakini kule kila kifo kinaandikwa. Walipolinganisha na miaka ya nyuma wakakuta vifo karibu 15,000 vimezidi. Ikawa kashfa ya taifa. Serikali ikatikiswa, na baadaye wakaweka mpango wa kuwaangalia wazee kila joto linapopanda. Daftari ndilo lililopiga kelele, maana maiti haisemi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2020 Tanzania ilitangaza wagonjwa wa korona 509 na vifo 21, kisha mwanzoni mwa Mei takwimu zikafungwa kabatini. Zikakaa humo zaidi ya mwaka mzima, hadi 2021. Nakuuliza wewe msomaji, virusi navyo viliganda kwenye 509? Kijiweni mmoja aliapa kwamba hakufa mtu, mwingine aliapa kwamba wamekufa maelfu kwa maelfu. Wote wawili walikuwa wanakula sahani moja, sahani ya kutohesabu.

Mei 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa hesabu yake ya dunia nzima kwa miaka ya 2020 na 2021. Vifo vilivyotangazwa kuwa vya korona vilikuwa kama milioni 5.4. Vilivyozidi kawaida, milioni 14.9! Waliobeba mzigo mkubwa walikuwa wazee. Na kwa nchi nyingi za Afrika ilibidi wataalamu wakisie, kwa sababu daftari la vifo halikuwepo. Yaani mtu anakaa Geneva na kompyuta anakisia kama bibi yako kafa au hajafa.

Sasa njoo kwetu kabisa. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe. Wananchi walisema watu wamekufa, mifugo imekufa. Wenye mgodi walikana kwamba vifo hivyo vinatokana na maji yao. Mimi si hakimu, na leo simhukumu mtu. Ninachosema ni hiki: ugomvi wa namna ile unahitaji daftari. Lingekuwepo daftari la kila kijiji lenye jina, umri, tarehe na dalili, tangu kabla mgodi haujaanza uzalishaji mwaka 2002, tungefungua kurasa mbele ya wote. Kama vifo havikuzidi, mgodi ungesafishika. Kama vilizidi, wananchi wangekuwa na silaha mkononi. Bila daftari, mwenye wakili mzuri ndiye mwenye ukweli.

Na usiniambie haiwezekani Tanzania. Ukitoka Tarime kwa basi kwenda Mwanza, kilometa kama 20 kabla ya kufika unapita Kisesa, wilaya ya Magu. Tangu 1994 watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kule, wanarudi tena na tena, wanaandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Ndugu wa marehemu wanahojiwa dalili alizokuwa nazo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kutolewa, watafiti wa namna hiyo waliweza kuona vifo vya watu wazima vinashuka, kwa sababu walijua jana ilikuwaje. Wapimaji wale hawana uchawi. Wana kalamu, karatasi na subira.

Sasa lawama yote tuitupe kwa wakubwa? Hapana, bwana. Sheria ya uandikishaji wa vizazi na vifo, Sura ya 108, inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Wangapi kati yetu wamefanya hivyo? Mimi mwenyewe nanyoosha mkono. Bibi yangu mzaa baba alizikwa, nikachinja mbuzi, nikalia, nikarudi mjini. Jina lake halikuandikwa popote. Najiita mwandishi, naandika habari za watu nisiowajua, nikashindwa kuandika mstari mmoja wa bibi aliyenilea! Siku ya kuhesabu waliozidi, yeye hatakuwemo. Kwenye vitabu vya nchi hii ni kama hakufa, na pengine ni kama hakuishi.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Msiba ukitokea, kabla hujapanda basi kurudi, hakikisha kifo kimeandikishwa na cheti kimetafutwa. Pili, chama chenu cha kuzikana kina daftari la michango, mnajua hadi aliyetoa mia tano. Ongezeni humo ukurasa wa marehemu: umri, tarehe, siku alizougua, dalili. Tatu, kila mwisho wa mwaka mwulizeni mtendaji wa kijiji kwenye mkutano wa hadhara: mwaka huu wamekufa wazee wangapi, mwaka jana wangapi? Akikosa jibu, msimpige. Mwonyesheni daftari lenu.

Hesabu haitakwambia nani kaua. Itakwambia kuna jambo, nenda kaulize. Na siku utakapoambiwa tena, “Mura, ni uzee tu,” jibu kwa heshima zote za mkubwa wako: “Sawa, baba. Lakini mbona mwaka huu uzee umeua wengi hivi?”