Mstari Uliokosekana

Somo: Esta 6:1-3, Waebrania 6:10

Ninyi mnaojiandaa kwenda kazini, ninyi mlio safarini, na ninyi wagonjwa mlio vitandani, karibuni tulitafakari Neno la Mungu kwa dakika chache.

Somo letu linatueleza habari za usiku ambao mfalme Ahasuero alikosa usingizi. Aliagiza kitabu cha kumbukumbu kiletwe, kikasomwa mbele yake. Ikaonekana imeandikwa humo kwamba Mordekai alifichua shauri la watu wawili waliotaka kumwua mfalme. Mfalme akauliza Mordekai alipewa heshima gani kwa tendo hilo. Watumishi wakajibu kwamba hakutendewa neno lo lote.

Tendo la Mordekai lilikuwa kitabuni, ila heshima yake haikuwapo. Leo nataka kuwasimulia habari za mzee mmoja ambaye hata kitabuni tendo lake halikuandikwa.

Mwaka 1984 nilikuwa mchungaji kijana katika parokia ya mashambani. Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinifuata akiwa na kijisanduku cha bati. Ndani yake, kimefungwa kwa kitambaa, kilikuwamo cheti chake cha kuachishwa jeshi. Aliingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, mwaka 1942. Mwaka 1943 walipakiwa melini Mombasa wakapelekwa Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Mwaka 1944 wakaingia Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw katika majira ya mvua kubwa. Matope yalifika magotini, na malaria iliwaangusha watu kama risasi. Walisonga mbele hivyo mpaka Desemba 1944 walipofika mto Chindwin, pale Kalewa.

Waliopigana huko walistahili nishani iitwayo Burma Star. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wake una rangi ya buluu, nyekundu na ya machungwa. Lakini cheti cha mzee huyu kilitaja nishani nyingine mbili tu. Jina Burma halikuwamo kabisa.

Akaniambia, "Mchungaji, niandikie barua. Waiongeze ile nyota."

Nasikitika kuwaambia jinsi nilivyomjibu. Nilisema, "Mzee, dunia hii inapita. Taji letu liko mbinguni. Wewe umepita miaka sitini. Kipande cha shaba kitakufaa nini?" Nilidhani nimehubiri vizuri.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu mchungaji, kama ingekuwa ni ya kuvaa, nisingekusumbua. Kule bondeni nilimzika rafiki yangu kwa mikono hii. Tulitoka naye kijiji kimoja. Barua ya kifo chake, kama iliandikwa, haikufika kwao. Watu husema alipata mwanamke ng'ambo, akawatupa wazazi wake. Mimi humwambia dada yake kwamba alikufa Kabaw. Lakini watu huniuliza, 'Je, wewe ulikuwako?' Na karatasi yangu inasema sikuwako. Kitabu hiki kimenifanya shahidi wa uongo."

Wapendwa, nilikosa la kusema. Kile nilichokiita majivuno kilikuwa upendo.

Tukakaa mezani tukaandika. Nambari yake ya jeshi aliitaja kwa moyo, bila kutazama karatasi. Tukaandika batalioni yake, kombania yake, na mwaka aliopanda meli. Wazee wenzake wawili waliokuwa hai wakatia alama za vidole kuwa mashahidi. Baada ya miezi mingi tukajibiwa kwamba jina hilo halikuonekana katika orodha ya waliokwenda Burma. Ndipo alipokumbuka kwamba siku ya kuandikishwa karani aliandika jina la baba yake, na baadaye karani mwingine akaandika jina lake mwenyewe, kila mmoja kwa herufi alizozisikia. Ofisini alikuwa watu wawili! Tukaandika tena, tukiwaomba wafuate ile nambari.

Ulipita karibu mwaka mzima. Hatimaye bahasha ikaja. Kumbukumbu zimesahihishwa, na nyota imeandikwa. Mzee alinitaka niisome barua ile mara tatu. Kisha akasema, "Sasa twende kwa dada yake."

Tulimkuta mama huyo uani akipukuchua mahindi. Nilimsomea mstari ule mmoja, nikamweleza maana yake. Aliweka gunzi chini, akajifuta mikono kwa leso yake, akasema, "Basi ndugu yangu hakututupa."

Wasikilizaji wapendwa, kuna mambo matatu ya kujifunza hapa.

Kwanza, Mungu hasahau. Waebrania 6:10 inatufundisha kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi ya watu wake na upendo wao. Karani anaweza kukosea herufi. Mchungaji Mwema huwajua kondoo wake kwa majina. Wewe uliyemwuguza mama mkwe wako miaka mingi bila shukrani, mstari wako haukukosekana mbele zake.

Pili, tusichanganye vitabu. Nyota ya Burma hupatikana kwa utumishi. Kuandikwa katika kitabu cha uzima ni kwa neema, kwa damu ya Mwana-Kondoo. Wale sabini waliporudi wakifurahi kwa kuwa pepo waliwatii, Bwana aliwaelekeza wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni, Luka 10:20. Tusiende huko na barua ya madai. Twende na toba.

Tatu, tuwe waaminifu katika vitabu vyetu wenyewe. Mtaa wa Kariakor hapa Nairobi umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wengi wao walikufa, na majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe lo lote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa hilo na kuomba radhi. Wengi waliokuwa wakingoja neno lile walikuwa wamekwisha kufa.

Lakini kabla ya kulaumu wengine, tufungue vitabu vya kanisa letu. Yako wapi majina ya akina mama waliobeba mawe na maji tulipojenga? Mbona historia ya parokia inawataja wachungaji na wenyeviti tu? Sadaka ya mjane imeandikwa kwa jina lake, au ameingizwa katika mstari wa "wengineo"? Na je, kuna mtu anayekuja mlangoni pako akidai haki ndogo, nawe unamjibu kwa mahubiri kama nilivyofanya mimi? Ahasuero hakuwa mcha Mungu, lakini aliposomewa kosa lile, alilishughulikia siku ile ile.

Mzee wangu alilala katika Bwana miaka mingi iliyopita. Ile nyota sikumwona akiivaa hata siku moja. Kweli ilikuwa imeandikwa, naye akaridhika.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, usiyesahau hata mmoja, utusamehe kwa majina tuliyoyaacha. Utupe masikio ya kuwasikiliza wazee wetu na wajane wetu, na mikono ya kusahihisha yaliyokosewa. Na kwa neema yako, majina yetu yaonekane katika kitabu cha Mwana-Kondoo. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.