Majilio Katika Nyumba ya Watu wa Zamu

Maneno ya familia ya wanakwaya katika jubilei ya fedha ya kwaya yetu, Dominika ya kwanza ya Majilio, 30 Novemba 2025





Tumeombwa kama familia tuseme machache juu ya furaha na ukarimu katika kipindi hiki cha Majilio. Baba anaimba sauti ya nne, mama sauti ya pili, na watoto wetu watatu wamelelewa kwenye mabenchi ya kwaya. Mahubiri tumemwachia Baba Paroko. Sisi tutasimulia tunavyoishi.

Wengi wetu hapa, kuanzia Tiwi na Ukunda hadi Msambweni, riziki yetu inatoka hotelini. Kuna mpishi, mhudumu wa meza, mfua nguo, dereva na mlinzi. Kila mmoja wetu anajua Desemba ya Diani ilivyo. Kaskazi imeanza kuvuma, wageni wanajaa, na likizo hakuna. Mwanakwaya aliyefanya mazoezi ya Utukufu tangu Oktoba, usiku wa mkesha yuko jikoni anapanga sahani za watu wengine. Tarehe 25 tunawatakia wageni Krismasi njema kwa tabasamu, na watoto wetu wako nyumbani na shangazi yao. Katika nyumba yetu imepita miaka mingi baba na mama hawajakaa meza moja siku ya Noeli.

Tulipoona hivyo tukaamua jambo moja. Furaha ya familia tusiiweke yote juu ya siku moja, maana siku yenyewe ni ya mwajiri. Tuna wiki nne za Majilio. Ndani ya wiki nne, ratiba ya zamu haikosi kutuachia jioni moja au mbili za kuwa pamoja. Jioni hizo ndizo sikukuu yetu.

Basi tunakata matawi ya mvinje, tunayafunga duara, na tunasimamisha mishumaa minne. Ya dukani ni meupe, kwa hiyo mama hufunga utepe wa zambarau kwenye mitatu na wa waridi kwenye mmoja. Watoto waliwahi kuuliza taji hili lilitoka wapi. Tukawaambia kwamba mwaka 1839, mjini Hamburg, mchungaji Johann Wichern alikuwa akilea watoto maskini waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Akawawekea mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni, wahesabu siku kwa mwanga. Watoto wetu walifurahi kusikia kwamba lilianza kwa ajili ya watoto waliochoka kungoja, kama wao.

Lakini mishumaa peke yake haileti furaha. Hilo tulifundishwa mwaka 2020. Machi ya mwaka ule ndege zilisimama, hoteli zikafunga, na makanisa yakafungwa pia. Mshahara ukakatika na kuimba kukakatika. Mwezi wa Juni, kusi likivuma na samaki wakiwa adimu, jirani yetu mvuvi alibisha hodi na fungu la tafi. Huyu ni Mdigo, Mwislamu, na wateja wake walikuwa hoteli hizo hizo zilizofungwa. Naye alikuwa amepoteza soko. Tukamwambia, "Kaka, hatuna cha kukulipa." Akajibu, "Sikuja kuuza, shemeji. Nimekuja kugawana."

Wazee wa pwani walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mnajua desturi ya hapa: sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ile yake tuliirudisha na kisamvu, maana ndicho tulichokuwa nacho. Sahani hiyo haijapumzika hadi leo. Ramadhani inakuja kwetu na futari, Idd inakuja na pilau, na Majilio inakwenda kwao na mahamri na mbaazi. Watoto wetu wakiulizwa sikukuu ni nini, jambo la kwanza wanalotaja ni nani abebe sahani.

Halafu ikaja Desemba ya 2024. Mgodi wa titani wa hapa Kwale, uliokuwa ukisafirisha madini tangu mwaka 2014, ulimaliza kuchimba mwezi ule. Jamaa zetu wengi wakaingia Noeli bila kujua Januari italipwa na nani karo ya watoto. Dominika ya tatu ya Majilio, ile ya furaha, tukaketi tukasikiliza Injili ya Luka. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye anawajibu mambo ya nyumbani kabisa: mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Kanisa limevaa rangi ya waridi, linatuambia tufurahi, na katika siku hiyo hiyo linatutuma kwenye kabati la nguo na kwenye pipa la unga. Hapo tulielewa kwamba hizo si habari mbili.

Tangu hapo nyumba yetu ina mpango, nasi tunauacha hapa kwa familia yoyote inayoutaka. Wiki ya kwanza kila mtu, mtoto kwa mzee, anatoa vazi moja analolipenda, lililo zima na safi. Wiki ya pili tunamtembelea mgonjwa, iwe jirani au aliyelazwa Msambweni, na tunakaa naye bila kuangalia saa. Wiki ya tatu ni ya sahani. Wiki ya nne ni ngumu kuliko zote: tunamtafuta tuliyenuniana naye. Inaweza kuwa mke na mume, inaweza kuwa soprano na besi. Mnacheka, lakini mnajua tunachosema.

Wanakwaya wenzetu, neno la mwisho ni lenu. Dominika ya furaha ya mwaka huu, tarehe 14 Desemba, Injili itatoka kwa Mathayo, na Yohane atakuwa gerezani. Anatuma watu wamuulize Yesu kama kweli ndiye yule anayengojewa. Yesu hamtumii hoja. Anawaambia wajumbe wakampashe Yohane yale wanayoyasikia na wanayoyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanapata habari njema.

Katika mitaa yetu kuna watu walio kama Yohane. Yuko aliyepoteza kazi, yuko mjane, yuko kijana aliyekata tamaa. Nao wanauliza kama huyu tunayemwimba ndiye kweli. Kusikia, kwaya hii imewapa kwa miaka 25, harusini na matangani, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Kuona, kunatudai sisi sote. Kunaanzia mezani kwetu, kwenye kabati letu na kwenye mlango wa jirani.

Na ninyi mtakaokuwa zamu tarehe 25, msinung'unike. Mkimwekea mgeni chakula kwa upendo, mtakuwa mmeimba sehemu yenu ya Utukufu jikoni.

Hongera kwa jubilei. Majilio mema kwa kila nyumba. Mungu awabariki, na majirani zetu Mungu awazidishie.