Springi za magurudumu katika ndege za kujiundia

Nchini Marekani sheria inamruhusu mtu kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wajenzi wenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Jumuiya yao, Experimental Aircraft Association, iliasisiwa mwaka 1953 na Paul Poberezny. Baadhi yao huchagua magurudumu yanayokunjwa, ambayo hupunguza ukinzani wa hewa na kuongeza kasi. Lakini umeme ukikatika angani, ni nini kitakachoyateremsha?

Katika ndege aina ya Lancair 320 na 360, pampu ya umeme husukuma mafuta yanayoyaendesha magurudumu. Pampu ikigoma, rubani hufungua vali, nayo magurudumu hushuka kwa uzito wake. Gurudumu la mbele, hata hivyo, hukunjwa kuelekea nyuma, hivyo hushuka likipambana na upepo. Kazi ya kulisukuma mpaka lijifunge huachiwa springi ya gesi, mfano wa ile inayoinua mlango wa nyuma wa gari.

Kwa nini isitumike springi ya chuma ya kuvuta? Tatizo ni kwamba hiyo huwa na nguvu nyingi gurudumu likiwa juu, na hulegea linapokaribia kujifunga, palepale inapohitajika zaidi. Springi inayovuta nyutoni 5 kwa kila milimita huvuta nyutoni 500 ikinyooshwa milimita 100. Ikibaki na milimita 20, huvuta nyutoni 100 tu. Akiweka iliyo kali zaidi, mjenzi huitwisha pampu mzigo wakati wa kukunja.

Springi ya gesi haibadiliki nguvu kwa kiasi hicho. Hata hivyo, huvuja kadiri miaka inavyopita, na baridi huidhoofisha: kutoka nyuzi joto 20 za Selsiasi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hupoteza takriban asilimia 14 ya nguvu zake.

Jaribio la karakanani, ndege ikiwa juu ya jeki, laweza kudanganya, kwani humo hamna upepo. Mjenzi makini hulivuta gurudumu kwa nyuma akitumia mizani ya kuning'iniza, kwa nguvu inayokadiriwa kulingana na upepo wa wakati wa kuteremsha magurudumu. Gurudumu lisipojifunga, springi hubadilishwa, hata kama kwa macho haina dosari yoyote.