Mungu Yupo au Hayupo: Hoja Yetu na Utu Wetu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu, kwenye mkutano wa mwaka, Arusha.)



Kamati imenipa mada ambayo wengi wangependa kuikwepa. Nimetakiwa nizungumze juu ya mabishano kati ya wanaosema Mungu yupo na wanaosema hayupo. Mzee mmoja miongoni mwetu ameniuliza hapo nje, "Mwalimu, mambo hayo ya Wazungu unatuletea ya nini chini ya Mlima Meru?" Swali lake ni zuri, na nitaanza nalo. Wengi tunadhani kwamba kutoamini ni bidhaa ya kigeni, na kwamba Mwafrika hajapata kuliuliza swali hili mwenyewe.

Ndugu zangu, si kweli. Mwaka 1969 Mchungaji John Mbiti, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alishikilia kwamba Mwafrika huishi ndani ya dini tangu kuzaliwa mpaka kufa, na kwamba wazee wetu walimjua Mungu kabla ya mmisionari kutia mguu. Haukupita muda mrefu Okot p'Bitek wa Uganda, yule mtunzi wa Wimbo wa Lawino, naye akatoa kitabu chake kuwapinga wasomi wenye fikra hizo. Alisema wanawabandika miungu wa Afrika sifa zilizobuniwa na Wagiriki. Akatoa mfano wa kwao Acholi. Mnamo mwaka 1911 mapadre Waitalia waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Wazee hawakulielewa swali. Lilipogeuzwa likawa ni nani aliyewafinyanga, wakakumbuka kwamba mtu mwenye kibyongo husemwa amefinyangwa na pepo aitwaye Rubanga. Basi mapadre wakalichukua jina hilo, na pepo mvunja migongo akawa ndiye Mungu Muumba katika mafundisho.

Sasa tutazame hapa petu. Katika lugha ya Kimaa inayosemwa na Waarusha, neno Engai ni Mungu, na neno hilo hilo ni mbingu, tena ni mvua. Mfuasi wa Okot angetuambia, "Babu zenu walikuwa wanaomba mvua." Mfuasi wa Mbiti angejibu, "La, walikuwa wanamwomba mwenye mvua." Mabishano ni yale yale, na yamo ndani ya neno la nyumbani kwetu. Kwa hiyo, Mzee wangu, mada hii haikuja kwa meli.

Jambo la pili ni historia. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru. Baada yake jeshi la Wajerumani lilikuja kulipiza kisasi, watu wakafa na ng'ombe wakatekwa. Katika kukutana huko kwa mara ya kwanza hapakuwa na mjadala wowote. Kulikuwa na mikuki, kisha bunduki. Haya, tusogee karibu zaidi. Kati ya mwaka 1990 na 1993 Walutheri wa Meru waligawanyika juu ya kuunda dayosisi yao, na mgogoro ule ukafikia watu kupigana. Wote walikuwa wanaamini Mungu mmoja na kuimba nyimbo zile zile. Nayasema haya ili tusidanganyane kwamba amani ya kijiji inahatarishwa na asiyeamini peke yake. Katika mifano yote miwili sikumwona hata mmoja.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mji wetu. Mnajua kwamba Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Baadaye, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni zikawa za umma. Katika shule hizo kijana aliweza kuingia kipindi cha dini asubuhi akafundishwa kwamba Mungu ni Baba, na mchana akaingia kipindi cha siasa akasikia habari za Karl Marx, aliyeifananisha dini na kasumba. Wapo waliodhani kwamba hatuna budi kuchagua: ama ujamaa ama Mungu.

Mwalimu Nyerere alilijibu jambo hili mapema, katika utangulizi wa kitabu chake Uhuru na Ujamaa cha mwaka 1968. Kwa kifupi alisema kwamba mtu hahitaji kwanza kukata shauri kama Mungu ni mmoja, ni wengi au hayupo, ndipo awe mjamaa. Linalotakiwa ni aukubali usawa wa binadamu. Na aliyesema hivyo hakuwa mtu wa mashaka. Alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria Misa, na baadaye alizigeuza habari za Biblia kuwa tenzi. Imani yake aliishika, lakini hakuifanya kuwa tiketi ya kuingilia katika taifa.

Msimamo huo umo katika sheria zetu. Kifungu cha 3 cha Katiba ya mwaka 1977, kama ilivyo leo, kinasema nchi yetu haina dini. Kifungu cha 19 kinalinda uhuru wa kuamini na wa kubadili imani. Wakati huo huo wimbo wetu wa Taifa ni sala. Mgeni anaweza kuona hayo yanapingana. Mimi naona tumejifunza kukaa nayo yote mawili, japo kukaa kwenyewe si rahisi. Jirani zetu wa Kenya waliona ugumu wake mwaka 2016: chama cha watu wasioamini Mungu kiliandikishwa Februari, na Aprili uandikishaji wake ukasimamishwa.

Sasa, tukiacha sheria, hoja zenyewe ni zipi? Nitataja tatu ninazozisikia kwa vijana wa hapa, na nitazitendea haki.

Ya kwanza ni ya sayansi. Kaskazini yetu uko Ol Doinyo Lengai, maana yake Mlima wa Mungu. Mwaka 2007 ulipolipuka na kutoa majivu, wengine walikwenda kuomba na wengine walikwenda kupima. Waliopima wanatuambia kwamba volkeno hii haina mwenzake duniani: lava yake hutoka nyeusi kisha hugeuka nyeupe, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, ambapo lava ya kawaida mara nyingi hupita nyuzi 1,000. Kijana anasema, "Mwalimu, yote yameelezwa kwa kemia, Mungu anaingia wapi?" Nimefundisha sayansi miaka mingi, na namwambia kwamba ana haki ya kukataa kumweka Mungu katika tundu lolote ambalo kemia bado haijalijaza. Mungu wa namna hiyo hupungua kila kitabu kipya kinapochapwa. Lakini kueleza jinsi moto unavyowaka si kueleza kwa nini pana kitu chochote cha kuwaka. Hapo mwenye imani na asiye nayo wanaachana, na hakuna kipimajoto cha kuwaamulia.

Ya pili ni ya kuzaliwa. Kijana anasema, "Ningezaliwa Kaloleni katika nyumba ya Waislamu ningekuwa Mwislamu, nimezaliwa Akeri, basi ni Mlutheri. Huo ni ukweli au ni bahati ya kijiji?" Hoja hii ina uzito, na yafaa itupunguzie kiburi. Hata hivyo, mahali nilipojifunzia jambo hapasemi kama jambo hilo ni kweli au uongo. Hata jedwali la kuzidisha nililipata kwa sababu shule ilikuwa karibu.

Ya tatu ni nzito, na nitaisema polepole. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule moja ya msingi ya hapa Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walipona, wakapelekwa Marekani kutibiwa. Siku ya kuwaaga marehemu katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mji mzima ulilia. Kila mahali nilisikia watu wakisema kupona kwa wale watatu ni mkono wa Mungu. Ndipo kijana akaniuliza, "Na wale 32, mkono ulikuwa wapi?"

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mwamini, na sina jibu la kumnyamazisha kijana yule. Namwambia tu kwamba Ayubu aliuliza swali kama lake, na swali hilo halikufutwa katika Biblia. Tena nakumbuka kwamba anayeuliza hivi mara nyingi hauulizi kwa kejeli. Anauliza kwa sababu anawahurumia wale watoto. Huruma ile ndiyo iliyomfikisha kwenye mashaka.

Na hapa lugha yetu inatufundisha. Neno imani kwa Kiswahili lina maana mbili. Ni kuamini, tena ni huruma. Tukisema mtu fulani hana imani, mara nyingi hatusemi kwamba hasali. Tunasema kwamba ni mkatili. Lile Azimio la Arusha lenyewe linasema ujamaa ni imani, likiwa na maana ya jambo la kuishi, si la kukariri. Basi yupo mtu mwenye imani ya kwanza asiye na ya pili, na yupo mwenye ya pili asiye na ya kwanza.

Nilimfahamu mmoja wa namna hiyo. Tulisoma naye hapa. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa bwana mifugo, akizunguka mlima kwa miguu usiku na mchana, na watoto wengi ambao si wake walisoma kwa fedha yake. Akiwa mtu mzima aliacha kuamini, na aliwaambia watu wa nyumbani kwamba akifa asiombewe. Alipofariki ukoo uligawanyika pale pale msibani. Wengine walitaka ibada kwa nguvu; wengine walisema mtu kama yule asizikwe kwenye migomba ya baba yake. Mama yake mzazi, mlokole wa miaka mingi, ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mimi nitaomba kwa ajili yangu, kwa maana nimefiwa. Yeye alisema lake. Mzikeni mwanangu kwao." Akazikwa kwao. Mama yule hakushindwa katika hoja, wala hakuacha imani yake hata kidogo.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaachia. Swali la Mungu liendelee kuwa hoja, na libishaniwe kwa nguvu zote. Lisifanywe kipimo cha utu wa mtu, wala sababu ya kumnyima mtoto ada, mchumba au kaburi. Najua wapo katika familia zetu vijana ambao Jumapili au Ijumaa huenda ibadani kwa kuogopa macho ya watu. Mwamini mwenzangu, sala ya mtu mwenye hofu ya jirani inamfaa nani? Na wewe usiyeamini, ukiwa umekaa hapa kimya, usimdharau bibi anayeomba. Pengine sala zake ndizo zilizomtia nguvu ya kuuza ndizi ili upate kusoma.

Naomba pia kamati ilipeleke pendekezo langu kwa mkuu wa shule: mdahalo ujao wa kidato cha sita uwe juu ya mada hii, na kila upande upewe mwalimu wa kuusaidia kutayarisha hoja. Nikiruhusiwa, mimi nitausaidia upande usio wangu. Nitaufanyia kazi kwa uaminifu.