Mitutu ya Dameski

Leo tusome juu ya bunduki za zamani za marisau, zile za mitutu miwili.

Mingine ina mawimbi kama ukili wa mkeka. Huitwa mitutu ya Dameski, ingawa mingi ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji. Fundi alisokota pamoja fito za chuma laini na za chuma cha pua, akazizungusha juu ya fimbo ya chuma, akazigonga motoni hata zikashikana. Kisha akausugua mtutu kwa dawa kali. Vyuma viwili vikashika rangi mbalimbali, nakshi ikatokea. Mimi huweza kuitazama kutwa nzima. Lakini nakshi haikuambii nguvu ya mtutu. Mingine ilichorwa tu juu ya chuma cha kawaida!

Je, itiwe kiasi gani? Mitutu mingi hiyo ilifanyizwa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi huweza kuipasua. Ifungue bunduki, usome chini ya mitutu. Maneno NITRO PROOF 1 1/8 OZ maana yake ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na marisau yasizidi gramu 32. Lakini ilijaribiwa siku ile. Kutu imekuja baadaye. Kwanza fundi bunduki apime unene wa mtutu.

Apime na chumba pia. Vyumba vingi vya zamani ni inchi 2½. Kiasi cha inchi 2¾ huingia bila taabu, lakini kikilipuka mdomo wake hukunjuka na kubana njia, na mkono wako wa kushoto upo hapo hapo.