Jeshi Ugenini na Baraza la Wazee: Funzo la Mogadishu, 1993



Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilizokuwa zikiisaidia operesheni ya Umoja wa Mataifa nchini Somalia ziliishambulia kwa makombora nyumba moja mjini Mogadishu. Ndani walikuwa wamekutana wazee na watu wenye kauli katika ukoo wa Habar Gidir. Umoja wa Mataifa ulisema waliokufa ni 20. Msalaba Mwekundu ulitaja 54. Waandishi wa habari waliokwenda kupiga picha walivamiwa na umati wenye uchungu, na wanne wakauawa: Hansi Krauss, Mjerumani, pamoja na Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia, waliotokea Nairobi.

Kabla ya hapo, tarehe 5 Juni, askari 24 wa Pakistani walikuwa wameuawa walipokwenda kukagua maghala ya silaha ya Jenerali Mohamed Farrah Aidid, mbabe wa vita wa ukoo huohuo wa Habar Gidir. Madai ya kutaka haki kwa ajili yao yalikuwa halali, nalisema hilo bila kusita. Ikatangazwa zawadi ya dola 25,000 kwa atakayesaidia kumkamata Aidid. Kuanzia hapo kazi nzima ikawa kumsaka mtu mmoja.

Lakini kwa mila ya Wasomali, damu si deni la muuaji peke yake. Jamaa zake huchanga dia, ambayo kwa desturi ni ngamia 100 kwa mwanamume, na jamaa za marehemu huipokea na kugawana. Wanaokaa kikao hadi yakaisha ni wazee. Basi kama kulikuwa na watu wa kumbana Aidid kutoka ndani ya ukoo wake, ni wale waliokuwa katika nyumba ile, na inasimuliwa kwamba baadhi yao hawakuwa wakikubaliana naye. Walipouawa, ukoo ukasimama nyuma yake. Tarehe 3 Oktoba mapigano yakazuka yaliyoua Wamarekani 18 na mamia ya Wasomali. Kufikia mwisho wa Machi 1994 Wamarekani walikuwa wameondoka.

Majeshi mengi huridhika na kijitabu cha adabu: vua viatu, toa mkono wa kulia, usimkodolee mwanamke macho. Ni mambo mema, ila hayamwambii kamanda ni nani akisema watu hutulia.

Mwaka huohuo wa 1993, kaskazini, wazee wa koo za Somaliland walikaa mjini Borama kuanzia Januari hadi Mei, bila kikosi cha kigeni cha kuwalinda. Walizungumza malisho, visima, damu na mali iliyoporwa, wakamchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais, na baraza lao, Guurti, likapewa nafasi katika bunge.

Haya yanatuhusu. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Mwaka 2013 Watanzania walikwenda mashariki mwa Kongo, ambako mwenyeji anaongea Kiswahili kama wao. Hiyo ni neema, lakini kuelewana lugha hakukuonyeshi nani ananyang'anyana ardhi na nani. Napendekeza kwa vyuo vyetu vya kijeshi kwamba kabla ya kikosi kuondoka, maofisa wake wakae kwa majuma kadhaa na wakimbizi wa huko waliopo hapa kwetu, wazee na akina mama, wawaulize ugomvi huanzaje kwao, na nani huitwa kuuzima.